DHANA, FIRASA NA HUKUMU YA HARAKA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyajua yaliyomo vifuani. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewaamrisha wenye kuamini wajiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Mwenye kuzingatia ataona kwamba hakusema ni dhana zote. Basi iko dhana iliyo dhambi na iko isiyokuwa dhambi, na zote mbili huingia moyoni kwa mlango mmoja, ghafula, bila ya kubisha hodi. Hapo ndipo penye mashaka.

Na itazamwe kwanza ile iliyo njema. Nahodha mzee huwa amekaa penye usukani, akaona rangi ya maji imebadilika kidogo, akaamrisha tanga lishushwe. Mabaharia vijana hawakuona kitu. Akiulizwa amejuaje, huenda asiweze kueleza. Atasema moyo wake umekataa. Nusu saa baadaye mwamba huonekana. Hii ni firasa, wala si uchawi wala si karama, bali ni ilimu ya miaka arobaini iliyokusanyika hata ikawa haihitaji maneno. Mwaka 2009 wataalamu wawili wa ilimu ya nafsi, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika pamoja juu ya jambo hili. Klein alikuwa ameitafiti firasa ya wazima-moto akaisifu; Kahneman alikuwa ameyatafiti makosa ya fikra za haraka akazihofu. Juu ya khitilafu yao wakakutana katika sharti mbili: firasa huaminiwa pale ambapo jambo lenyewe lina utaratibu usiogeuka-geuka, na mtu amelizoea muda mrefu huku akionyeshwa kulla mara kama amepatia au amekosea. Bahari ina sharti zote mbili. Nahodha akikosea, mwamba humjibu siku ile ile.

Walakini moyo hausemi, "Hapa nimejifunza, na pale sikujifunza." Hujibu kwa wepesi ule ule kila mahali, na jibu la uwongo huja na utamu ule ule wa yakini. Mtu na aulizwe hesabu hii: kanzu na kofia pamoja bei yake shilingi 1,100, na kanzu imeizidi kofia kwa shilingi 1,000. Kofia ni bei gani? Watu wengi moyo wao husema mara moja: shilingi mia. Na si kweli. Ingekuwa kofia ni mia, kanzu ingekuwa elfu na mia, na jumla yake 1,200. Kofia ni shilingi 50. Hesabu ya namna hii aliitoa Shane Frederick mwaka 2005, na wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa vya Marekani walikosea. Hawakuwa wajinga; walipata jibu upesi, wakaridhika nalo, wasilipime. Na hii ni hesabu ya kofia tu. Itakuwaje katika hesabu ya heshima ya mtu?

Imesimuliwa na Sahl bin Saad (R.A.), na kupokewa na Imam Bukhari, ya kwamba mtu mmoja alipita mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akamwuliza mtu aliyekaa pamoja naye amwonaje mpita njia yule. Akajibu kuwa ni katika watu watukufu. Akiposa astahili kuozwa, na akiombea astahili kukubaliwa. Mtume (S.A.W.) akanyamaza. Kisha akapita mwingine, akaulizwa tena. Akajibu kuwa huyu ni katika mafakiri wa Kiislamu. Akiposa haozwi, akiombea hakubaliwi, na akisema hasikizwi. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa huyu fakiri ni bora kuliko dunia iliyojaa watu mfano wa yule wa kwanza. Aliyejibu hakuwa mtu muovu, wala hakukusudia kumdhulumu mtu. Alisema yaliyomjia, na yaliyomjia yalikuwa yametoka katika nguo na nasaba.

Mwaka 1920 Mmarekani Edward Thorndike alichungua jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao, akaona kuwa aliyesifiwa kwa umbo alisifiwa pia kwa akili na kwa tabia, kupita kadiri inayowezekana. Sifa moja ilikuwa imezipaka rangi nyingine zote. Na mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov waliwaonyesha watu picha za nyuso kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakawauliza kama mwenye uso ule ni mwaminifu. Majibu yao yalikaribiana sana na ya waliotazama bila kuwekewa muda. Wale walioongezewa muda kidogo, walilozidi zaidi ni kuiamini hukumu yao wenyewe.

Mwambao huu mambo hayo hayahitaji mashahidi kutoka mbali. Mwenye joho na kitara cha maneno mazuri hukopeshwa bila ya karatasi, kwa sababu ni aibu kumwandikisha bwana kama yule. Na hamali mwenye shuka iliyochakaa hutakiwa mdhamini kwa kibaba cha mchele. Na aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kupita aya zote za Qurani, imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, wala haikumtoa mwenye uso wa kuaminika. Wangapi wamepoteza nyumba zao kwa kuona haya kuuliza!

Lakini dhana yenye kuchoma zaidi ni ile iingiayo nyumbani. Imepokewa na Abu Huraira (R.A.), katika Bukhari na Muslim, ya kwamba mtu wa kabila la Fazara alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akasema kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Hakumtaja mkewe kwa uzinifu, lakini maneno yake yalikuwa yameelekea huko. Mtume (S.A.W.) hakumkemea, wala hakumwambia kuwa dhana yake ni ya kweli au ya uwongo. Alimwuliza kama ana ngamia. Akasema anao. Rangi zao? Wekundu. Je, yumo wa rangi ya majivu? Akasema wamo. Basi hao wametoka wapi? Yule bwana akajibu mwenyewe, kwamba labda ni asili ya zamani iliyowavuta. Akaambiwa kuwa labda na mtoto huyu amevutwa na asili.

Hikima yake ni kubwa. Yule mtu katika ngamia alikuwa ni mjuzi, na ujuzi wake ulikuwa sahihi. Katika nyumba yake jicho lilimtangulia akili. Mtume (S.A.W.) akamchukua mahali anapojua, akamrejesha mahali anapodhani. Na lau dhana ile ingetoka kinywani ikawa tuhuma ya wazi, sharia inadai mashahidi wanne, na asiyewaleta hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Hayo yamo katika Suratun Nur, aya ya 4. Na mume asiye na shahidi hana njia ila ya kuapizana, na baada yake ndoa huvunjika.

Na dhana ya nyumbani haina mwamba wa kuijibu. Mume mwenye kushuku, mkewe akinyamaza husema anaficha. Akisema sana husema anajitetea. Akicheka, kwa nini anacheka? Kulla kitu huwa chakula cha dhana, wala hakuna siku dhana ile itakayokiri kuwa imekosea. Mtu aweza kukaa miaka ishirini akidhani, asipate ujuzi wa siku moja.

Kwa ajili hiyo makadhi wamefungwa kamba zaidi ya watu wengine. Mtume (S.A.W.) amemkataza mwenye kuhukumu asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana ghadhabu. Na alipompeleka Sayyidna Ali (R.A.) Yaman, alimwusia asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize wa pili, kwa kuwa hivyo hukumu itambainikia zaidi.

Wala haina maana kuwa kadhi aizime firasa yake. Iyas bin Muawiya, kadhi wa Basra, alikuwa mashuhuri kwa firasa. Imesimuliwa ya kwamba alijiwa na mtu aliyedai kuwa alimpa mwenzake mali amwekee, na mwenzake akakana kabisa. Iyas akamwuliza mdai alimpa wapi. Akasema ni mahali penye mti kadha. Akamwambia aende akautazame ule mti, huenda akakumbuka jambo. Mshitakiwa akabaki, na Iyas akaendelea na mashauri ya watu wengine. Baada ya kitambo akamwuliza yule aliyebaki, kama jambo la kupita, je, mwenzake amekwisha kufika penye mti? Akajibu kuwa bado, hajafika. Na yeye alikuwa amekana dai lote. Huenda moyo wa Iyas ulikuwa umekwisha kumjua mwizi tangu mwanzo, lakini hakumhukumu kwa moyo wake. Aliutumia kutafuta swali, akalingoja jibu, na yule mtu akakiri.