ALIYEACHWA NA MWENZI WAKE, JE, KANISA NALO LIMWACHE?



Liko jambo ambalo katika makanisa yetu ya hapa Nakivale husemwa kwa sauti ya chini, ibada ikiisha, watu wakiwa wanakunja mikeka. Ni habari ya ndoa zilizovunjika. Mtu akifiwa tunajua la kufanya. Tunakaa naye matangani, tunachanga unga na sabuni, tunaimba mpaka asubuhi. Lakini ndoa ikifa hakuna matanga. Hakuna anayeleta unga. Watu hupita mbali na mlango ule, na Jumapili inayofuata mama yule hukuta nafasi yake katika kwaya imejazwa. Ndiyo maana nauliza: mtu akiachwa na mwenzi wake, je, kanisa nalo limwache?

1. Tusiwachanganye watu

Vita vya kwetu vimetuachia majeraha ya namna nyingi. Yuko aliyepotezana na mwenzi wake siku ya kukimbia: mmoja alishika njia ya Bunagana, mwingine akavuka ziwa, hawakuonana tena. Huyu hajaachwa, amepotelewa. Tusimwite mjane wala mtalaka. Kwanza asaidiwe kutafuta, na Msalaba Mwekundu wana kazi hiyo ya kutafuta ndugu waliopotezana.

Yuko wa pili, ambaye mwenzi wake alikwenda Kampala kutafuta kazi, akapata kazi na nyumba nyingine pia, asirudi. Huyu ameachwa. Na yuko wa tatu, aliyeondoka mwenyewe usiku akiwa na mtoto mgongoni, kwa sababu ya kipigo. Watu hawa watatu tunawaita jina moja na kuwatazama kwa jicho moja. Hakimu anayetoa hukumu moja kwa kesi tatu hajasikiliza hata moja.

2. Maandiko yanasema nini?

Wengi wetu tunaujua Malaki 2 na Mathayo 19, na tunaijua vizuri. Mungu hapendi kuachana. Aliunganisha watu wawili wawe mwili mmoja, na mwili ukichanwa hutoka damu. Neno hilo silipunguzi hata kidogo.

Lakini tuangalie Yesu aliulizwa nini na nani. Siku zile walimu wa Wayahudi walibishana juu ya Kumbukumbu la Torati 24. Wanafunzi wa Shamai walisema mume asimwache mke ila kwa jambo la aibu. Wanafunzi wa Hileli walisema aweza kumwacha kwa sababu yoyote, hata akiunguza chakula. Waliomuuliza Yesu walikuwa wanaume, na walitaka kujua mlango wa kutokea una upana gani. Yesu aliwafungia mlango huo. Basi neno lile lilikuwa ukuta wa kumkinga mke asitupwe nje kwa ajili ya chungu kilichoungua. Sisi tukilichukua neno lilelile na kumpiga nalo mama aliyetupwa nje, tumeugeuza ukuta kuwa fimbo.

Tena someni Yeremia 3. Hapo Mungu mwenyewe anasema habari za Israeli kama mume ambaye ndoa yake imevunjika, hata hati ya talaka inatajwa. Hakuona haya kujieleza hivyo. Je, Mungu alitenda dhambi? Hasha! Basi kuvunjika kwa ndoa peke yake si ushahidi kwamba wote wawili wamekosa. Mara nyingine wote wawili wana makosa. Mara nyingine mmoja alilinda agano na mwenzake akalivunja. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7:15, anasema kwamba ikiwa asiyeamini ameamua kuondoka, aliyebaki hafungwi, kwa maana Mungu ametuita katika amani.

3. Hofu ya wazee

Wazee wa kanisa wana hofu, nami naiheshimu. Wanasema: “Mchungaji, tukiwapa watu hawa nafasi, vijana wataona ndoa ni kitu cha kuvaa na kuvua.” Hofu hii si ya bure. Hapa kambini ndoa nyingi huanza bila wazazi wala mahari, wakati mwingine bila baraka ya kanisa, na nyumba iliyojengwa haraka huanguka haraka.

Lakini tufikiri sawasawa. Kijana hajifunzi kuheshimu ndoa kwa kumwona mama aliyeachwa akikaa nyuma kabisa peke yake. Anajifunza neno lingine: kwamba aliyevunja agano ataondoka salama, na aliyebaki ndiye atakayelipa. Bwana yule aliyekwenda mjini hakutengwa na mtu yeyote, kwa kuwa hayupo. Adhabu tumemtwika aliyepo kwa sababu ndiye tunayeweza kumfikia. Huko ni kuonea, na hakuilindi ndoa. Mkitaka kuilinda ndoa, wafundisheni vijana kabla hawajaoana, na watembeleeni walio katika ndoa wakati ugomvi bado mdogo.

4. Kusamehe na kurudi

Hapa pana fundo gumu. Mama aliyepigwa huambiwa: “Samehe, urudi, ndoa ni kuvumiliana.” Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aliye pembeni huona ni mwepesi. Kusamehe ni amri ya Bwana, wala hakuna ruhusa ya kuikataa. Lakini kusamehe ni jambo moja na kurudi ni jambo la pili.

Mfikirieni Yusufu. Ndugu zake walipofika Misri alilia kwa siri, moyo wake ulikuwa umeshawaelekea. Lakini hakujifunua siku ile. Alingoja mpaka alipomwona Yuda akijitoa badala ya Benyamini, akajua kwamba watu wale wamebadilika. Hata katika Yeremia 3, Mungu akimwita Israeli arudi, anamtaka kwanza aungame uovu wake. Msamaha waweza kutolewa na mtu mmoja akiwa peke yake chumbani. Kurudiana kunahitaji watu wawili na ukweli kati yao. Anayemrudisha mama kwenye fimbo kabla mwenye fimbo hajatubu hajapatanisha nyumba. Na tukumbuke kwamba nchi hii iliyotupokea ina sheria ya mwaka 2010 inayokataza ukatili wa nyumbani. Mchungaji asiwe kichaka cha kumficha mtu anayepiga.

Kuhusu kuoa au kuolewa tena, makanisa yetu hayafundishi sawa. Kila mmoja akae na wachungaji wake na Biblia ikiwa wazi, tena asifanye haraka. Kidonda kinachofunikwa na kitambaa kipya kabla hakijasafishwa huoza chini yake.

5. Watoto, mahari na karatasi

Tembo wakipigana, nyasi ndizo huumia. Kwa mkimbizi, kuachana hakuishii moyoni; kunaingia katika karatasi ya familia, katika mgao wa chakula na katika kiwanja tulichopewa kulima. Mwanamume akiondoka na karatasi, watoto hulala njaa. Nawasihi mnaogombana: karatasi isiwe silaha. Na viongozi wa makanisa wamsindikize mama au baba aliyebaki na watoto mpaka ofisini, aeleze hali yake, kwa maana akienda peke yake mara nyingi huogopa kusema.

Kuna pia habari ya mahari. Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inayataja mahari kama sehemu ya ndoa, na mila zetu zinayaheshimu. Lakini wako wazazi wanaomkatalia binti yao kurudi nyumbani kwa kuwa ng’ombe au mbuzi wameshaliwa na hawana cha kurudisha. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, iliyo juu kuliko zote, iliamua kwamba kudai mahari yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Hakimu wa dunia ameona kwamba uhai wa binti haupimwi kwa mbuzi. Sisi tunaohubiri kwamba alinunuliwa kwa damu ya Kristo, tunaweza kuona pungufu ya hapo?

6. Njia ya kupona

Kwako wewe uliyeachwa: usiharakishe kujifanya umepona. Zaburi zimejaa vilio, na Mungu hakuvifuta. Lia mbele zake. Kagua moyo wako, na palipo na kosa lako litubu, lakini usiibebe dhambi ya mwenzako. Usimtukane baba yao au mama yao mbele ya watoto; wao hawakuachana na mtu. Fanya kazi ya mikono yako, hata shamba dogo la maharage, kwa maana kazi hurudisha heshima. Wala usijitenge na ushirika.

Na kwako kanisa: yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4 alikuwa na historia ndefu ya waume. Yesu hakuificha, aliitaja wazi. Kisha alimfunulia kwamba yeye ndiye Masihi, na mji mzima ulisikia kwa kinywa chake. Basi ndoa ikifa, tukae matanga. Pelekeni unga. Mrudisheni mama kwenye kwaya, mkaribisheni baba anayelea watoto peke yake. Sisi sote hapa ni watu walioachwa na nchi, na tunajua kama Mungu hakutuacha njiani.

Bwana azibariki nyumba zenu, zilizosimama na zilizoanguka. Amina.