Babul-Mandab na Milango ya Maghala Yetu

Enyi ndugu Waislamu! Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Quraysh, aliwakumbusha watu wa Makka neema mbili: kuwalisha wasife kwa njaa, na kuwapa amani wasiishi kwa khofu. Akazitaja neema hizo pamoja na safari zao za biashara, ambazo wafasiri wasema moja ilikuwa ya Yemen na moja ya Sham. Basi fahamuni: njia ikiingia khofu, chungu nacho hukosa cha kupikwa.

Mfano wake tumeuona huko huko Yemen. Babul-Mandab, maana yake Mlango wa Maombolezo, ni mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 30 hivi. Novemba 2023 Mahuthi waliiteka meli Galaxy Leader, kisha wakazishambulia nyingine nyingi, wakisema wawanusuru watu wa Gaza. Hapana aliyeufunga mlango ule kwa mnyororo. Khofu peke yake ilitosha. Bima ilipanda, na makampuni makubwa yakaiacha njia ya Suez, meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku 10 na zaidi za ziada baina ya Asia na Ulaya. Pato la Misri katika mfereji, lililopita dola bilioni 10 mwaka 2023, lilishuka hata kama bilioni 4 mwaka 2024. Desemba 2023 maharamia wa Kisomali, waliokuwa wametulia kwa miaka, wakaiteka meli Ruen. Na Machi 2024 mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa.

Dhulma ya Gaza ni dhulma, wala hapana Muislamu asiyeumizwa nayo. Lakini baharia aliyetoka kuwatafutia wanawe riziki ana kosa gani?

Jee, na sisi? Juu ya Babul-Mandab hatuna amri. Juu ya maghala yetu tunayo. Yuko mfanyabiashara ambaye shehena yake ilifika na kulipiwa kabla ya hatari. Akisikia khabari ya meli usiku, asubuhi huficha magunia na kupandisha bei. Ukimwuliza, husema, “Ni vita.” Vita gani vilivyoingia ghalani mwako? Na adhuhuri utamwona safu ya mbele!

Aliyelipa nauli zaidi na azidishe kwa kadiri ya alicholipa. Huyo hana lawama. Lakini kuficha chakula ili watu wadhikike ni ihtikari, na Mtume (S.A.W.) amemhukumu mwenye kuifanya kuwa ni mkosa. Na mnunuzi mwenye uwezo, asibebe magunia kumi akamwachia mjane duka tupu.

Mlango wa bahari wakiufunga wengine, tuna udhuru mbele ya Mola wetu. Mlango wa ghala tukiufunga wenyewe, udhuru wetu ni upi?

Ewe Mola, zipe amani bahari zetu, na nyoyo zetu uadilifu. Amin.