Kadiri

Ni yupi aumbaye: atiaye au aondoaye? Mtunzi wa shairi hulijua swali hili, kwani silabi ya tisa katika kipande cha mizani nane, hata iwe tamu namna gani, huuharibu mshororo. Lakini swali lenyewe ni kongwe kuliko ushairi, na jibu lake limo ndani ya yai la samaki asiyefika urefu wa kidole.

Samaki huyo mwenye milia, ambaye wataalamu humwita Danio rerio, asili yake ni mito na mashamba ya mpunga ya Bara Hindi. Yai lake ni angavu mithili ya kioo. Katika saa 24 tu tangu kurutubishwa, kichwa, mgongo na mkia huonekana vimekwisha kujipambanua. Ndiyo maana George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alimchagua, na makala yake ya mwaka 1981 ikawafungulia wengine mlango.

Ndani ya kiinitete hicho imo asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A. Jeni moja huleta kimeng'enya kinachoitengeneza, na nyingine huleta kimeng'enya kinachoivunja. Baina ya wingi wake hapa na uchache wake pale, seli hujua zitakuwa nini, na mwili hupata mipaka yake.

Jeni ya mtengenezaji ikiharibika, samaki hukosa mapezi ya kifuani, na eneo la shingo hufupika. Wataalamu wakamwita "asiye na shingo". Jeni ya mvunjaji ikiharibika, sehemu ya juu ya uti wa mgongo hutanuka na kuingilia mahali pa ubongo. Huyo wakamwita "twiga". Wa kwanza amepungukiwa, wa pili amezidishiwa, na wote wawili wamekosa umbo.

Wanadamu wamezoea kumsifu mtoaji. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini, ndugu wa karibu wa asidi hiyo. Nyuso nyingi zilitakata. Lakini baadhi ya watoto waliokuwamo matumboni mwa mama walioitumia walizaliwa na kasoro za masikio, moyo na ubongo. Kilichoponya ngozi ya mama kilivuruga umbo la mwana.

Itasemwa kwamba kimeng'enya hakina nia, basi hakina wema wala uovu. Ni kweli. Ila mwanadamu anayo nia, na kwa sababu hiyo deni lake la kupima ni zito zaidi. Mzazi amzidishiaye mtoto hifadhi humnyima mpaka wa kujijulia. Wala bahili asijipatie hoja hapa, kwani samaki asiye na mapezi ni shahidi dhidi yake. Kutoa peke yake hakujawa wema, wala kuzuia; wema huanzia pale mtu anapouliza ni kiasi gani, na kwa wakati upi.