Gari la Moshi na Haki ya Pumzi

Watu wa pwani walipouona mtambo uliopita juu ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waliuita gari la moshi. Jina lilistahili, kwani moshi ulionekana mbali kabla ya gari lenyewe. Leo mambo yamegeuka: gari la moshi ndilo linaloitwa kuja kuuondoa moshi mijini. Yafaa basi sisi walimu, ambao kazi yetu ni kupima maneno, tuipime na ahadi hii.

Tuanze Kampala. Kila asubuhi barabara ya Jinja hujaa teksi, bodaboda na magari ya watu binafsi, na moshi wake huwafikia kwanza wasio na gari: mwuza ndizi aketiye kando ya njia, na mtoto aendaye shuleni kwa miguu. Desemba 2015 treni ya abiria ilirudishwa baina ya Kampala na Namanve. Iliendeshwa kwa dizeli, hivyo nayo ilikuwa na moshi wake. Lakini behewa moja lililojaa hubeba watu ambao wangehitaji magari mengi. Hesabu hii ni nyepesi, na wengi huishia hapo.

Vipimo, hata hivyo, havikubaliani. Mjini Taipei, treni ya mjini ilipofunguliwa mwaka 1996, wachunguzi walikuta kwamba gesi ya kaboni monoksaidi, itokayo hasa katika magari, ilipungua kwa asilimia kati ya 5 na 15. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, uliotazama miji mingi ya dunia, ulionyesha kwamba kwa wastani treni za chini ya ardhi hazikubadili wingi wa chembe za vumbi na moshi hewani. Ni katika miji iliyokuwa michafu zaidi tu ndipo chembe hizo zilipopungua, nako ni kwa asilimia 4, karibu na kitovu cha mji.

Kwa nini faida iwe ndogo hivyo? Tufikirie majirani wawili. Mmoja aacha gari lake nyumbani, apanda treni. Nafasi aliyoiacha barabarani haikai tupu: jirani wa pili, ambaye jana aliogopa msongamano, aona njia imefunguka, naye atoa gari lake. Moshi wabaki ule ule. Je, huyu wa pili amekosa? Sheria hakuvunja. Walakini kwa maoni yetu amekosa, kwani mwenziwe hakumwachia yeye barabara, bali aliwaachia watu wote hewa. Kilichokuwa cha wote amekichukua akakitumia peke yake.

Pengine mtu atauliza: na mwendesha bodaboda alishaye watoto wake kwa kazi hiyo, naye tumhukumu? La hasha. Wajibu huenda pamoja na uwezo wa kuchagua. Asiyefikiwa na reli, au asiyemudu nauli, hana la kuchagua. Lawama yamwelekea awezaye kupanda treni asipande kwa kuona haya kukaa bega kwa bega na wenziwe. Zaidi yawaelekea wenye mamlaka, iwapo wanajenga reli huku wakipanua barabara kando yake. Hapo mkono mmoja hupanda na mwingine hung'oa.

Wala umeme peke yake si jibu. Treni ya umeme haitoi moshi mjini, lakini umeme huo ukizalishwa kwa makaa ya mawe, moshi umehamishwa tu, ukapelekewa wanakijiji wakaao karibu na mtambo, ambao hata treni hawaipandi. Uganda ina bahati ya mto Nile, ambao bwawa lake la Jinja lilifunguliwa mwaka 1954. Bahati hiyo si ya kila nchi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Reli ni kidole kimoja. Vingine ni nauli nafuu, mipango ya barabara, na dhamiri ya kila mwenye gari. Basi tunapowafundisha wanafunzi wetu jina hili la gari la moshi, tusiishie kwenye maana yake. Tuwaulize pia: moshi huu ni wa nani, na nani auvutaye?