Mauti Ndani ya Herufi

Wanafunzi wetu wa ubatizo huanza kusoma kwa A, nasi twaiandika ubaoni upesi, wala hatudhani ya kuwa herufi tupu yaweza kuhubiri. Lakini mchoraji Hans Holbein, mzaliwa wa Augsburg katika Ujerumani, alipokuwa akikaa Basel yapata mwaka 1524, alichora alfabeti ya herufi 24 (maana J na U hazikuhesabiwa peke yake), na karibu katika kila herufi alimweka Mauti.

Fundi wa kuzichonga katika mti alikuwa Hans Lützelburger. Kila herufi imo katika mraba ambao upande wake haufikii sentimita 3. Mchonga huondoa mti usiotakiwa, huiacha mistari imeinuka ipate kushika wino; tena huchonga kinyume, kulia kuwe kushoto, ili herufi isomeke sawasawa karatasini. Kisu kikiteleza mara moja, mkono wa mfalme umekatika. Lützelburger mwenyewe alikufa mwaka 1526, miaka michache tu baada ya kazi ile.

Katika A mifupa ya wafu yapiga muziki. Papa yumo katika B, Kaisari katika C, mfalme katika D, na wote washikwa. Nyuma yao waja tabibu, mtawa, mlevi, na wacheza kamari. Herufi yasimama mbele, nzuri, imara kama nguzo ya nyumba, na nyuma yake watu wavutwa. Wachapaji walizitumia herufi za namna hii kuanzia sura za vitabu. Basi msomaji aliyetafuta elimu alikutana na mifupa kabla ya neno la kwanza.

Sisi twakawia penye Y. Hapo Mauti amtwaa mtoto mchanga kitandani mwake. Twakiri mbele yenu: mara nyingi tumesimama penye kaburi fupi, tukafanya haraka kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, ili tuondoke upesi katika kilio cha mama. Holbein hakumficha mtoto yule kati ya wafalme, bali alimpa herufi yake mwenyewe. Enyi walimu, mwendapo matangani, msiiruke herufi hiyo. Ketini chini pamoja na mama, hata kama hamna neno.

Tena iko Z. Humo Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua, na wafu wamefufuka.