Siku Isiyoandikwa

Mjukuu wangu, nasikia umepata pikipiki ya mkataba. Hongera. Lakini kabla hujaiwasha nikuulize: ikilala gereji, siku hiyo ni ya nani?

Nakuuliza kwa sababu ya baba yangu. Alitoka Kasulu kuja Tanga kukata mkonge, maana kodi ya kichwa ilidaiwa kwa pesa na kwao Buha pesa ilikuwa ya shida. Akawa manamba. Ninyi mnalitumia neno hilo kutukania. Wao walipewa namba kwelikweli. Hata mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 1,000, ikafika mizima 62.

Baba alifanya kazi kwa kipande, karatasi ya siku 30. Alfajiri anaingia shambani, anakata ncha yenye mwiba, kisha jani, anafunga majani thelathini thelathini na kuyabeba hadi kwenye reli. Majani kilo 100 yakipita kwenye korona, mashine ya kukwangua majani, singa hupatikana kama kilo 4 tu. Ndiyo maana mikono ilihitajika mingi hivyo. Nyapara akikuta mafungu hayajatimia kipimo, siku haiandikwi. Jasho limekwisha kutoka, ila siku haipo. Kipande cha siku 30 kiliweza kula siku 40 na zaidi, na mshahara ulisubiri kijae.

Baba hakujua kusoma. Kila alipotimiza kipimo alitia mwiba mmoja wa mkonge kwenye kopo. Safari moja karani akasema siku 22. Baba akamwaga miiba mezani, 24. Karani alicheka. Zile mbili hazikulipwa, lakini tangu hapo hakupunjwa hata moja.

Sasa wewe umesoma, na bado umekubali mwenye pikipiki apokee hesabu ya kila siku kwa maneno ya mdomo! Ukiugua je? Polisi wakiikamata pikipiki? Tairi ni la nani? Ukibakiza mwezi mmoja, akikunyang'anya, utaonyesha nini? Nunua daftari, na kila ukipeleka hesabu atie sahihi mbele yako. Akinuna, mwache anune.

Kopo la baba lipo juu ya kabati. Lichukue, liweke na daftari lako. Halafu niletee huo mkataba tuusome pamoja, nawe usome kwa sauti, macho yangu yamechoka.