Mbwa wa Madoadoa Atakuwa wa Nani?

Baba mmoja wa Kinanie, kule Machakos, ameniandikia. Alihamia huko miaka miwili iliyopita, ploti ya hamsini kwa mia, ukuta wa mawe mbele na mabati pande tatu. Ana watoto watatu, mkubwa wa miaka kumi na mdogo wa mitatu, na wote wameitazama ile filamu ya mbwa mia moja na mmoja mpaka wanajua nani atasema nini kabla hajasema. Sasa nyumba haina amani. Wanataka Dalmatian. Yeye mwenyewe hachukii wazo hilo, kwa kuwa betri ya gari la jirani iliibwa mwezi uliopita na angependa kitu cha kubweka usiku. Mkewe hataki mbwa yeyote. Anauliza: je, mbwa huyu anafaa nyumba yenye watoto?

Mdogo wangu, nitakujibu kuhusu mbwa kwanza, kisha nitarudi kwako, maana barua yako inamhusu mbwa kwa nusu tu.

Dalmatian ni mbwa wa mbio. Jina lake limetoka Dalmatia, ukanda wa pwani wa Kroatia, ila kazi iliyompa umaarufu aliipata Uingereza: kukimbia sambamba na magari ya farasi ya matajiri, kilomita baada ya kilomita, wengine chini kabisa ya ekseli, na usiku kulala zizini akilinda farasi na mizigo. Marekani alichukuliwa na wazima moto, enzi magari yao yalipovutwa na farasi. Farasi wameondoka, magari yale yameondoka. Miguu imebaki ndani ya mbwa.

Kwa tabia ni mcheshi na mwerevu, tena mwenye kuwapenda watu wake kupita kiasi. Upweke anauchukia. Ukimchapa hasahau upesi. Mgeni humpima kwa mbali kwanza. Atabweka getini, ndiyo, lakini ukitaka mbwa wa kumrukia mwizi umekosea duka. Mtoto wako wa miaka kumi, akifundishwa kumheshimu, atapata rafiki wa kukimbia naye mpaka wote wawili walale sakafuni. Anayenitia wasiwasi ni huyu wa mitatu, na simwogopei meno, namwogopea kuangushwa. Dalmatian mzima ana urefu wa sentimita 54 hadi 61 begani, na uzito unaweza kufika kilo 30. Akifurahi huruka, na mkia wake ni fimbo. Usiwaache hao wawili peke yao hata kwa muda wa kupokea simu.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa nikusimulie nilichokiona huko huko kwenu.

Mwaka juzi, baada ya mvua za Aprili, nilialikwa chakula kwa jamaa aliyejenga upande wa machimbo ya mawe. Getini palikuwa na bango jekundu: MBWA KALI. Ndani alikuwamo Dalmatian dume wa miaka miwili. Kandokando ya mabati, kuzunguka ploti nzima, alikuwa amechora njia. Kijia chembamba, upana wa viganja viwili, kimekanyagwa kikawa kigumu kama saruji katikati ya ule udongo wenu mweusi unaonasa viatu. Kwenye kona amepinda mle mle kila mara, mpaka mabati yameng'aa kwa kusuguliwa na ubavu. Tope lilikuwa limempaka mpaka tumboni, madoa na matope hayatengani. Alipotuona alikimbia raundi nne kabla ya kuweza kusimama, kisha akanilalia miguuni akitetemeka. Ukali wenyewe ndio huo.

Tukiwa bado uani, dada wa kazi akatoka na sufuria ya ugali na omena. Mwenye nyumba, kwa fahari, akamwita mbwa kwa jina ili aje tumwone vizuri. Mbwa akasikia jina lake, akainua kichwa, akamtazama dada.

Baadaye, nilipopita jikoni kunawa, dada akaniambia kwa sauti ya chini: "Huyu alikuja kuwa wa watoto. Sasa ni wangu, ila mshahara ni ule ule."

Mwenye nyumba si mtu mbaya. Anatoka saa kumi na moja alfajiri ili auwahi mji kabla ya msongamano wa Mlolongo, anarudi saa mbili usiku amechoka kama gunia. Watoto wanachukuliwa na basi la shule kukiwa na giza. Mbwa aliyezaliwa kukimbia na watu anashinda peke yake na mwanamke aliyeajiriwa kufua, kupika na kulea, ambaye hakuulizwa. Jumamosi familia inampiga picha.

Waliomwagiza mbwa ndio waliompenda kwa sura. Gharama ya sura hiyo imewaangukia wawili ambao hawakuchagua chochote, dada na mbwa mwenyewe. Nawe nakuonya hapa kabla hujamtumia muuzaji hata shilingi ya kushika nafasi.

Mbwa huyu, kwa kweli, amekuwa akilipia madoa yake kwa muda mrefu. Watoto wake huzaliwa weupe pe. Madoa huanza kuchomoza kama wiki ya pili. Weupe huo una deni. Katika vipimo vilivyofanywa Marekani, karibu 3 kati ya 10 walikuwa viziwi wa sikio moja au yote mawili. Na kuna jambo ambalo likinijia usiku hunikosesha usingizi kidogo: wapo watoto wanaozaliwa tayari na baka jeusi, mara nyingi sikioni au kichwani, na hao kwa kawaida husikia vizuri kuliko wenzao. Lakini kanuni za maonyesho ya mbwa zinalihesabu baka kuwa ila. Kwa hiyo vizazi kwa vizazi wafugaji waliwaweka kando wenye masikio mazima kwa sababu hawakuwa na madoa ya kupendeza.

Mkojo nao una hadithi yake. Mwili wa Dalmatian hauvunji asidi ya yuriki kama wa mbwa wengine, basi asidi hiyo hutoka nyingi katika mkojo na inaweza kuganda ikawa mawe kwenye kibofu, hasa kwa madume. Wazee wenye jongo wananielewa: daktari amewaambia waache maini, figo na dagaa. Dalmatian naye ni hivyo hivyo. Sasa rudi kwenye ile sufuria ya omena, dagaa wale wale. Dada alikuwa akimpa mbwa chakula ambacho nusu ya mbwa wa Kenya wangekishukuru, na kila siku, bila kujua, akimwongezea hatari. Hakuna aliyemwambia. Mwenye nyumba mwenyewe hakujua. Muuzaji alimwambia tu kwamba "anakula kila kitu".

Ukimchukua, basi, chakula chake kipangwe na daktari wa mifugo, na maji yawepo muda wote, mengi na safi, hata wiki ambayo tangi limekauka na mnasubiri bauza. Ukimwona dume anachuchumaa, anajikamua, na mkojo hautoki, au unatoka na damu, usingoje asubuhi. Mkojo ukizibika kabisa anaweza kufa katika siku chache.

Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa jenetiki wa Marekani, Robert Schaible, alimzalisha Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer mara moja tu, kisha akaendelea kuwazalisha watoto wao na Dalmatian watupu. Wajukuu na vitukuu wakatokea wa madoadoa na mkojo wa kawaida. Wafugaji wengi wakakataa: damu imechanganywa! Ilipita miaka mingi, hadi 2011, ndipo klabu kuu ya mbwa ya Marekani ikawafungulia daftari lake. Karibu miaka arobaini ya kubishana kama ni halali mnyama kukojoa bila maumivu. Sisi Waafrika tunacheka tukisikia hivyo, lakini tusicheke sana. Tunaojua kukataa mchumba kwa sababu ya ukoo wake tupo.

Na ile filamu? Katuni ilitoka 1961, kutoka kwenye kitabu cha Dodie Smith cha 1956, mama aliyefuga Dalmatian yeye mwenyewe na kuwajua. Ilipotengenezwa upya na waigizaji mwaka 1996, wazazi wa Marekani walikimbilia kununua, na miezi michache baadaye nyumba za kuhifadhi wanyama zikaanza kuwapokea, wamekua, wametafuna viti, wamewachosha wenyewe. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa mzazi hakulia, alilia mbwa.

Kuhusu ununuzi nitakuwa mfupi. Usinunue mtoto wa mbwa aliyeshikiliwa juu kando ya barabara kwenye foleni. Nenda mahali alipozaliwa, mwone mama yake, hakikisha amepita wiki nane. Mtenge na wenzake, simama nyuma yake asikuone, utikise funguo. Asipogeuka, ujue. Akigeuka, bado anaweza kuwa kiziwi wa sikio moja. Uhakika hutoka kwenye mashine inayosoma namna ubongo unavyoitikia sauti. Mbwa kiziwi anaweza kufundishwa kwa ishara za mikono akaishi vizuri, ila anahitaji mtu mwenye subira na muda, na muda ndio nitakaokuuliza mwishoni.

Kuna majirani pia, na hofu ya kichaa cha mbwa. Nilipokuwa idara ya mifugo nilichanja mbwa wa Machakos miaka ya 1990, tukiwashika kwa kamba za katani chini ya miembe. Watafiti waliowahesabu wakati huo walikuta zaidi ya nusu ya nyumba zina mbwa, na waliochanjwa hawakufika theluthi. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana, kwa binadamu au mnyama, kifo ni karibu hakika. Serikali imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo hivyo. Wako achanjwe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti ukitunze pamoja na hati ya ploti. Mlango wa geti ufungwe. Mbuzi wa mama jirani hawajui kwamba mbwa wako anacheza tu. Na kama kuna Mwislamu anayepita hapo akienda kuswali, mate ya mbwa kwenye kanzu yake yanamrudisha nyumbani kuosha. Usimchekee ukimwambia "haumi". Dini hiyo hiyo inamsifu mtu aliyeshuka kisimani kumpa mbwa mwenye kiu maji ya kunywa. Anachokataa jirani ni uzembe wako.

Utaniuliza kama ninakukataza. La. Nyumba yenye mtu mzima anayeshinda pale, anayependa kutembea, yenye watoto waliopita umri wa kudondoka, Dalmatian ataijaza furaha, na kwenye uwanda ule wa kwenu, Kilimambogo ikionekana kwa mbali na upepo unapiga, atakimbia mpaka upende maisha. Hata kupe utawaona upesi kwenye manyoya meupe, jambo ambalo mwenye mbwa mweusi analitamani. Manyoya yenyewe yatakuwa kwenye kochi, kwenye sweta za shule, na siku moja kwenye chai. Kama unachotaka ni kelele usiku tu, mbwa wa kienyeji aliyezaliwa Kinanie analijua jua hilo na anabweka vizuri vilevile. Naye anataka chanjo, chakula na mtu wake, usidhani wa bure ni wa bure.

Kabla ya yote, keti na mkeo. Amesema hataki, huenda ameshahesabu ni nani atakayebaki na sufuria mkononi. Kisha, kama mna dada wa kazi, mketi naye nyote. Mwambieni kazi itaongezeka kiasi gani, na mshahara utaongezeka kiasi gani, na kama hataki asilazimishwe kwa kunyamaziwa. Anayeogopa mbwa asiambiwe atazoea.

Halafu nenda Joska ukanunue kamba ya kutembezea mbwa. Kamba peke yake. Kesho saa kumi alfajiri, kabla ya kwenda kazini, uishike utembee nayo nusu saa, na jioni ukirudi, nusu saa nyingine, mtoto mkubwa akiwa nawe. Mfanye hivyo siku thelathini, mvua ikinyesha, tope likinasa, mpira ukiwa kwenye televisheni. Majirani wakiuliza mnatembeza nini, waambieni hajafika. Siku ya thelathini na moja uniandikie tena, uniambie ni siku ngapi kamba ilibaki ikining'inia nyuma ya mlango, na ni nani aliyeitoa.